Pakoti

Mwalimu wetu wa darasa la saba aliweza kutoka darasani na kuliacha koti lake lifanye kazi. Akiitwa ofisini, alilivua lile koti refu la ngozi, akalivika kiti chake, akalifunga mkanda, kisha akatuangalia sisi, akaliangalia koti, akaenda zake. Ngozi ilikuwa ngumu na nzito kiasi kwamba mabega yalibaki yamesimama kama mwenyewe yumo ndani. Tulikaa kimya. Kama kuna aliyethubutu kunong'ona, Madam aliporudi aliinama karibu na kola, akatikisa kichwa mara kadhaa kama mtu anayepewa habari, halafu akalitaja jina la mkosaji. Hakukosea hata siku moja. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikatambua kwamba kabla ya kuingia alikuwa akisimama kwanza nje ya dirisha.

Tulimwita Madam, kama walimu wote wa kike walivyoitwa, lakini miaka ile ukisema Madam pale Kajiado bila kuongeza jina, hakuna aliyekuuliza Madam yupi. Nami nitamwita hivyo. Ana jina jingine ambalo lingepaswa kuwa mdomoni mwangu, na habari ninayotaka kusimulia ni ya hilo jina, ila siwezi kuanza nalo.

Lile koti lilikuwa la ngozi kweli kweli. Lilikuwa jeusi, limeanza kugeuka kahawia kwenye viwiko, lina bitana nyekundu ndani na lilimfika chini ya magoti. Alilipata Gikomba, soko la mitumba Nairobi, kwenye bale lililofunguliwa mbele ya macho yake, na alipenda kusimulia jinsi alivyolikamata mkono mmoja huku mwanamke mwingine akiukamata mkono wa pili, wakatazamana, na yule mwanamke akaachia. Makoti hayo yalikuja kwa wingi wakati huo kutoka nchi za baridi. Kila mwanamke wa mshahara alitaka moja: manesi, walimu, makarani, bibi wa chifu. Julai ikifika na upepo ukaanza kuvuma kutoka uwandani, ibada ya asubuhi pale kanisani ilikuwa na sauti yake. Mchungaji akisema tusimame, ulisikia ngozi ikilalamika benchi zima.

Mama yangu, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali, alililia koti kama hilo miaka mingi. Baba alimwambia koti refu hivyo ni la askari wa gereza. Sisi tulikuwa watu wa Bungoma, tumefika Kajiado kwa sababu ya uhamisho wa kazi, na baba aliamini kuwa mambo ya makoti ni ya watu wa Kiambu na Nyandarua waliozoea baridi. Madam alikuwa wa huko. Lakini hakulivaa kwa sababu ya baridi, maana saa sita mchana, jua likichoma mabati na mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, yeye bado alikuwa ndani ya koti, anafundisha hesabu za sehemu.

"Madam, husikii joto?" alimuuliza mwalimu mmoja mgeni.

"Nasikia."

"Si basi utoe?"

"Nikilitoa nitakuwa mwanamke mfupi tu," alisema, akaendelea na chaki.

Alilipaka mafuta ya kondoo. Kina mama wa Kimaasai waliokuja kuulizia watoto wao walimletea kwenye chupa ya soda, na Jumamosi ungemkuta nje ya nyumba za walimu akilisugua kwa kitambaa, mkono mmoja kisha mwingine, kisha mgongo, bila haraka. Koti lilikuwa laini na lilikuwa zuri, lakini pia lilinuka. Jumatatu asubuhi mbwa wa buchari za pale stendi walimfuata hadi langoni. Yeye alitembea mbele, mbwa nyuma, na hakugeuka hata kidogo, kama kwamba hao mbwa wana shughuli zao. Mimi nilikaa dawati la mbele, kwa hiyo harufu ile ninaijua. Naomba msomaji alikumbuke hilo, maana baadaye nitajifanya sikuijua.

Alikuwa mtu wa kukasirisha pia, nisimpake asali. Kiswahili cha Kajiado kilimuumiza masikio. Ukimwambia, "Madam, niko na swali," alikutazama kwa huruma.

"Uko na swali, au una swali?"

"Niko na... nina swali."

"Haya. Sasa swali limepata mwenyewe. Uliza."

Kufikia hapo swali lenyewe ulikuwa umelisahau. Na huyo huyo aliyekuwa mkali hivyo alizungumza Kimaa kibovu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia, kwa sauti kubwa, bila aibu. Kina mama wa Kimaasai walicheka hadi wakashika mbavu, naye akacheka nao, akarudia kosa lile lile. Nilimuuliza siku moja kwa nini yeye aruhusiwe kukosea. Akasema Kiswahili anakifundisha, bali Kimaa anakiomba, na anayeomba huchukua anachopewa.

Alikuwa na neno lake moja. Ukimwonyesha kitu unachojivunia, daftari jipya, viatu vipya, mwalimu mpya mwenye vyeti vingi, alikitazama vizuri, akasema, "Tutaona jioni." Hakulisema kwa ubaya. Alimaanisha asubuhi kila kitu kinang'aa. Wanafunzi tulilichukua tukalifanya la utani, na hadi leo kwenye kundi letu la WhatsApp mtu akitangaza uchumba, lazima mmoja wetu aandike: tutaona jioni.

Zawadi hakuzipenda. Wazazi walileta kuku, akawarudisha na kuku wao. Alisema akila kuku wa mzazi, mtoto wa mzazi huyo ataanza kumtazama kwa macho ya mdai. Mafuta ya kondoo aliyapokea kwa sababu, alisema, hayo ni ya koti, si yake. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Isinya ambaye binti yake alikuwa amekaa nyumbani, na Madam alimwendea tena na tena hadi msichana akarudi shule. Binti alipofaulu mtihani, yule mama alikuja na kondoo jike, akamfunga kwenye mlingoti wa bendera, akaondoka kabla hajakataliwa. Madam alimkuta kondoo pale. Alimzunguka, akaguna, akampeleka nyumbani.

Hapo ndipo tulipoijua desturi moja, sisi tuliokuwa wageni. Kwa Wamaasai, mkipeana mnyama, mnaacha kuitana majina yenu. Mnaitana kwa kile kilichotolewa. Waliopeana kondoo ni Paker na Paker. Aliyetoa na aliyepokea wote wanabeba jina moja, na wanalibeba maisha yote. Kuanzia siku hiyo yule mama alikuwa Paker kwa Madam, na Madam alikuwa Paker kwake, na wakikutana sokoni waliitana kwa sauti ya kupasua anga. Madam aliipenda desturi hii kuliko kitu chochote alichokikuta Kajiado. Alisema watu wa kwao wakipewa kitu husema asante, na asante huisha hapo hapo mlangoni.

Kisha fisi akamla yule kondoo. Madam alikuwa amesahau kulifunga zizi. Alikosa raha siku nyingi, akatufundisha historia huku mawazo yake yako mbali, na Jumamosi alivaa koti, akabeba sukari na blanketi, akaenda kwa miguu hadi kwa Paker kuomba msamaha. Tulisimuliwa na binti mwenyewe. Paker alimsikiliza Madam akijieleza kwa Kimaa chake cha kuvunjavunja, akacheka sana, akamwambia kondoo ndiye aliyekufa, jina halijafa. Kisha akampikia chai. Lakini Madam alisisitiza asamehewe kwa maneno, tena aitwe jina palepale, asikie kwa masikio yake. Kwake, aliyepewa kitu hukilinda, na kikiharibika mikononi mwake, ni lazima akajibu. Nilipoisikia habari hiyo nilikuwa mtoto, nikaiona ya kuchekesha.

Alipostaafu hakuondoka na koti. Alilivika kile kiti, akalifunga mkanda, akamwambia mwalimu mkuu, "Nimewaachia mwalimu wa zamu." Watu walidhani ni mzaha. Alihamia Kitengela, kwenye nyumba ndogo ya mawe aliyoijenga kidogo kidogo upande wa Noonkopir, na koti likabaki darasani hadi panya walipoingia mifukoni na kufanya kwao. Habari za panya zilitufikia kwenye kundi. Watu wazima, wengine na mvi, tulihuzunika kama tumefiwa. Tukakubaliana tuchange tumnunulie Madam koti jingine, refu, la ngozi. Na kwa kuwa mimi ninaishi Kitengela na ninafanya kazi Nairobi, nikatumwa nikalinunue.

Duka lilikuwa ghorofani katikati ya jiji. Makoti yalining'inia yakimeta. Nililiona moja la kukata kiuno, lenye mkanda mpana, nikalipenda kabla sijaligusa. Ndani ya kola palikuwa na lebo ndogo iliyoandikwa PU leather.

"PU ni nini?" nilimuuliza kijana wa duka.

"Ni pure, mum. Pure leather. Wanafupishanga."

"Mbona ni nyepesi hivi?"

"Hizo ndio za sahi. Zile za kitambo zilikuwa zinaumiza wamama mabega."

Nililinusa. Lilinuka begi jipya la shule. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima karibu na koti la ngozi, pua yangu ilijua, na ilinieleza. Niliinyamazisha. Nilijiambia mafuta ya kondoo ndiyo yaliyokuwa yakinuka, si ngozi, na kwamba ngozi mpya hunuka hivi. Mvua ilikuwa imeanza, foleni ya kurudi Kitengela ilikuwa inanisubiri, na koti lilikuwa zuri. Nilisema funga.

Tulimkabidhi nyumbani kwake, watu wengi, soda, picha. Siku hiyo alikuwa na mafua, sauti imekauka na pua imeziba kabisa. Alilipapasa koti kwa viganja vyote viwili. Alilivaa, akajifunga mkanda, akawa mrefu tena mbele ya macho yetu. Tulisubiri aseme tutaona jioni. Nilisubiri kuliko wote, kwa sababu moyoni nilitaka mtu aliseme. Hakulisema. Alifuta macho, akauliza, "Ni nani alilichagua?"

Wote wakanionyesha mimi.

"Nekesa. Dawati la mbele," alisema. Kisha akanisalimu upya kwa ile salamu ya Kimaa wanayopewa wanawake. "Takwenya, Pakoti."

Watu wakapasuka kicheko, kwa sababu tulielewa wote. Alikuwa ameitoa desturi kwa kondoo na ng'ombe, akaipeleka kwa koti. Nikaitikia, "Iko, Madam."

"Si Madam. Ukisema Madam, jina nimelibeba peke yangu."

Nilicheka, nikasema mwalimu wangu siwezi kumwita hivyo, nitaonekana sina adabu. Siku hiyo ilikuwa kweli. Miezi michache baadaye, kazini, mwenzangu mmoja aliponiuliza viatu vyangu ni PU au ni ngozi, nikamwambia kwa majivuno kwamba PU ndiyo ngozi safi, alicheka hadi akaweka kikombe chini. Akanieleza ni plastiki tu, imebandikwa juu ya kitambaa. Nilicheka naye. Kuanzia siku hiyo, sababu ya adabu haikuwa kweli tena. Sikumwita Pakoti kwa sababu sikuwa nimempa koti.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba plastiki nayo hudumu, kwamba yeye sasa ni mstaafu, hatatoka sana. Lakini tulikuwa kanisa moja, na kila Jumapili alikuja nalo. "Takwenya, Pakoti," mbele ya mchungaji, mbele ya wazee wa kanisa, mbele ya watoto wangu. Waliokuwa hawajui waliuliza maana, naye akawaeleza kisa chote tangu kondoo, akimalizia kwa kunishika bega. "Huyu ndiye alinivika." Nami ninatabasamu, ninaitikia Iko, Madam, ninatafuta mlango.

Lilianza kubanduka kwenye kola. Ukiona ngozi halisi inazeeka, inapata mikunjo, inapoa rangi, bado ni kitu. Hili lilitoka vipande vyembamba vyeusi, na chini yake kikatokea kitambaa cha rangi ya vumbi. Vikafuata viwiko, kisha mapaja. Akiinuka kwenye benchi aliacha unga mweusi. Nilimwona mama mmoja akiupangusa kwa kitambaa cha mtoto huku amekunja pua, nikatamani kumpiga, kisha nikakumbuka ni nani wa kupigwa.

Halafu Madam akaanza kujifunika leso mabegani, juu ya koti. Akaacha kukaa mbele, akawa anakaa benchi la mwisho. Akaanza kuondoka wimbo wa mwisho ukiwa katikati. Tukikutana kwa bahati mbaya pale langoni, alinisalimu vilevile, Takwenya, Pakoti, lakini macho yake yalikuwa chini. Mimi nilijua maana yake. Amegundua. Amegundua kwamba nilimvika plastiki, na kwa kuwa ni mtu mkubwa ananistahi, ananifunikia aibu yangu kwa leso yake. Nikashukuru kimoyomoyo, nikaanza kutumia mlango wa pembeni. Tukawa watu wawili wanaokimbiana kanisani.

Ajabu ni kwamba makoti yenyewe yalirudi kwenye mtindo. Kwa muda wasichana walikuwa wameyakataa, wanataka majaketi ya kuvimba. Sasa tembea Kitengela upande wa maduka utayaona yametundikwa nje, marefu, yanameta, jua likiyapasua kola kabla hayajanunuliwa. Mtoto wa dada yangu alikuja kwangu akiwa amevaa moja.

"Aunty, hii si nimetoka fiti?"

"Itabanduka hiyo."

"Si itabanduka nikiwa nishapost."

Hakuwa amedanganywa na mtu. Alijua ni la msimu, kalinunua kwa msimu, litakwenda kwa amani. Nilimwonea wivu. Koti lile lile kwake lilikuwa furaha ndogo, na kwangu lilikuwa kesi.

Nilianza kutafuta la kweli. Kila nilipoona mitumba nilisimama. Wauzaji waliniambia makoti ya ngozi ya kike siku hizi hayaji sana, na yakija hakuna anayeyataka. Jumamosi moja, kwenye kibanda pale Kitengela sokoni, mama mmoja alilitoa chini ya rundo.

"Hii ni camera, mum. Imekaa tu. Watu wanasema ni nzito."

Camera ni jina la mitumba ya daraja la kwanza. Nililipokea kwa mikono miwili na bado mikono ilishuka. Niliingiza uso wangu wote ndani ya bitana mbele ya watu. Lilinuka mnyama, na chini ya mnyama lilinuka darasa la saba. Nililinunua, nikalitundika kabatini, likakaa. Nilikuwa nikisubiri ujasiri, na ujasiri hauuzwi sokoni Kitengela.

Kisha mchungaji akatangaza kwamba Madam anatuacha. Binti yake analima vitunguu Illasit, mpakani chini ya mlima, amemwambia mama asikae peke yake tena, na lori la kubeba vyombo linakuja wiki hiyo hiyo. Nikaona nisipokwenda sasa sitakwenda tena. Nililikunja koti ndani ya mfuko mkubwa, nikajifunza maneno yangu njia nzima. Madam, lile koti halikuwa ngozi. Nilijua. Hili hapa la kweli. Maneno yenyewe si mengi.

Nilimkuta kati ya maboksi. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliponiona mlangoni alifanya jambo ambalo mtu wa umri wake hafanyi: alirukia kiti cha dirishani, akanyakua kitu, akakitupa nyuma ya mlango wa chumba. Lakini nilikuwa nimeona. Lilikuwa koti, au mabaki yake, kitambaa kitupu chenye mabaka meusi, linanata, vumbi limeshika kila mahali. Mezani palikuwa na chupa ya soda yenye mafuta ya kondoo. Kando yake palikuwa na kopo la rangi ya viatu na tambara.

"Takwenya, Pakoti," alisema akihema.

"Iko, Madam."

Alinipa kiti na chai. Niliuweka mfuko miguuni. Tulizungumza juu ya Illasit, baridi ya mlima ule, bei ya vitunguu, miguu yake. Kisha akasukuma kikombe chake kando.

"Nina neno," akasema. "Nimelikimbia muda mrefu."

"Hata mimi, Madam. Naomba niseme—"

"Mimi ni mkubwa. Nianze."

Nilimpisha. Ningefanya nini? Alikuwa mwalimu wangu.

"Koti lako nimeliharibu," alisema.

Sikuelewa.

"Mwanzo nililianika juani, likakakamaa. Nikalipaka mafuta kama lile la zamani, nikaona linaanza kutoka. Nikasema nimezidisha mafuta, nikapunguza. Nikasema basi ni jua, nikalificha ndani. Nikaomba mafuta mengine kwa Paker, nikapaka rangi ya viatu, nikasugua polepole kama ninaosha mtoto. Kila ninapogusa linatoka. Lile la kwanza nililinunua mwenyewe, likadumu hadi nikaliacha. Hili la watoto wangu, ulilonivika wewe, nimelimaliza kwa mikono hii." Alinionyesha mikono, na kwenye mistari ya viganja palikuwa na weusi. "Kanisani nilijifunika usilione. Nilikaa nyuma. Nilikuwa nakukimbia, Nekesa, mtu mzima mimi. Nikasema siwezi kwenda Illasit kabla sijakuomba msamaha."

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi yangu. Haikuwa ndogo, ilikuwa mlango wazi. Nilikuwa na sababu za kutoingia, na nitazitaja zote ili zisijifiche. Nikisema ni plastiki, Jumamosi zote alizokaa akilisugua zitageuka upuuzi. Lile jina alilowaeleza watu kwa fahari litakuwa jina la uongo. Na nikitoa koti jipya mfukoni kabla ya kusema, atadhani nimekuja kumwonyesha kweli ameharibu, nimemletea jingine. Ni sababu nzuri. Lakini kulikuwa na nyingine chini yake, na hiyo ndiyo iliyonishika ulimi. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa mkosaji, na ghafla kuna mtu ananiomba mimi msamaha. Ilikuwa raha. Sipendi kuandika hivyo, lakini ilikuwa raha, nilihisi mabega yakishuka.

"Si kitu, Madam," nilisema.

"Ni kitu. Paker alinisamehe kwa kondoo. Wewe umenisamehe?"

"Nimekusamehe."

Alishusha pumzi ndefu. Uso wake ulifunguka nikaona yule wa zamani, wa mbele ya ubao. Akanyoosha mikono yake yenye weusi, akashika yangu.

"Basi nisikie. Takwenya, Pakoti."

Alisubiri. Alijua kusubiri jibu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua.

"Iko, Pakoti," nikasema.

Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Alikwenda nyuma ya mlango, akalileta lile koti bila kulificha, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya boksi la sahani. Alisema atalivaa shambani, vitunguu havina macho. Aliponisindikiza hadi langoni aliuona mfuko.

"Umebeba nini kizito hivyo?"

"Nguo za kupeleka kwa fundi."

"Mpe salamu," alisema.

Nilipofika nyumbani sikuweza kulirudisha kabatini. Nililivika kiti pale sebuleni, na mabega yakasimama yenyewe. Binti yangu alitoka chumbani kelele tele, akaliona, akasimama.

"Mum, hii ni ya nani?"

"Ni ya mwalimu wa zamu," nilimwambia, na nikakaa upande wa pili, kimya, mikono juu ya magoti.